Muwasho wa Muundi: Fedha Itangulie Wapi?

Amiloidi ni masalia ya protini. Yakijikusanya kwenye ngozi peke yake hayagusi moyo wala figo, na hayaambukizi. Kero yake ni muwasho: vipele vigumu vilivyosongamana kwenye muundi, au weusi wa mabaka mgongoni. Kwa mkazi wa Nalasi, wilayani Tunduru, gharama ya kwanza ni kujua kama kweli ni amiloidi.

Tunduru ni eneo la ugonjwa wa usubi, nao huwasha na kukunjamanisha ngozi vilevile. Upele pia huwasha. Ukoma kwa kawaida hauwashi, lakini mabaka yake huchanganya watu. Dawa ya usubi imekuwa ikigawiwa bure vijijini, na ya ukoma ni bure. Anayenunua krimu miezi sita kutibu usubi ametupa fedha. Anzia zahanati, kisha hospitali ya wilaya au ile ya misheni ya Mbesa, na uulize kama yupo aliyesomea ngozi. Kituo cha KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha waganga wa aina hiyo tangu 1992.

Uhakika kamili hutoka kwenye kipande cha ngozi kinachokatwa na kupimwa maabara. Kipimo hicho kikidai safari ya Songea, kutoka Tunduru mjini ni kilomita zipatazo 260, tena kuna kulala na kula. Mwenye bima aulize kabla ya kupanda basi: kipimo kinalipiwa, au ni kumwona daktari tu?

Kwenye tiba, cha rahisi ndicho ningeanza nacho. Kuacha dodoki la nailoni na kujikuna hakugharimu kitu, na msuguano ni chanzo kimojawapo cha weusi huo. Mafuta mazito ya kupaka hulainisha. Piriton, dawa ya mzio, husaidia zaidi kulala kuliko inavyoondoa muwasho. Dereva wa bodaboda asiimeze asubuhi.

Krimu ya steroidi, betamethasoni au klobetasoli, ndiyo tiba kuu, na tyubu yake ni nafuu kuliko nauli ya Songea. Unafuu huo ndio mtego. Ikipakwa mfululizo bila usimamizi ngozi huwa nyembamba na kuchanika. Na zile krimu za mseto, zenye steroidi, dawa ya fangasi na ya bakteria ndani ya tyubu moja, zinakulipisha dawa mbili usizozihitaji.

Tiba ya mwanga hutaka mahudhurio mara mbili au tatu kwa wiki, kwa miezi. Kwa mkulima wa korosho hiyo ni kodi ya nyumba mjini. Vidonge vya asitretini vinahitaji vipimo vya damu, na mwanamke hapaswi kushika mimba hadi miaka mitatu baada ya kuviacha. Leza inaweza kuacha makovu kwenye ngozi nyeusi, na vipele hurudi hata baada yake. Nisingeuza gunia la korosho kwa ajili hiyo.

Safari ya Songea ikilazimu, beba maboksi matupu ya kila ulichokwisha kupaka, hata cha dukani kisicho na jina.