Bunia: Kabla ya kununua kamshafti ya mbio, rudisha injini kwenye alama zake

Kila asubuhi, kwenye garaji za muji wa Bunia, kuanzia kandokando ya Boulevard de Libération hadi Mudzipela, malalamiko ya wenye magari yanafanana. Land Cruiser iliyokuwa ikipanda kilima na mizigo, sasa inachoka. Hilux inakunywa mazutu kuliko zamani. Corolla ya esanse inatetemeka ikisimama. Vijana wengi wanaona dawa ni moja tu: kutafuta kamshafti ya mbio, ile wanayoiona kwenye video za simu, ili injini ipate nguvu.

Kwa injini nyingi za zamani hapa Ituri, nguvu inayotafutwa haiko dukani. Imepotea ndani ya injini yenyewe, kwa sababu taimingi imeteleza au iliwekwa vibaya. Na kosa hilo linaweza kumuacha dereva njiani, mahali ambapo hakuna mtu anayependa kulala.

Kamshafti inafanya nini?

Kamshafti, ambayo mafundi waliosoma kwa Kifaransa wanaiita arbre à cames, ni mti wa chuma wenye nundu. Kila nundu ikizunguka inasukuma valvu na kuifungua. Valvu moja inaingiza hewa, nyingine inatoa moshi. Krankshafti, inayosukumwa na pistoni, inazunguka mara mbili wakati kamshafti inazunguka mara moja. Ndiyo maana gurudumu la meno la kamshafti lina meno mara mbili ya lile la krankshafti.

Injini ikienda mizunguko 3,000 kwa dakika, kila nundu inafungua valvu yake mara 25 kwa sekunde moja. Kazi hiyo yote inategemea mkanda wa raba wenye meno, au cheni, unaounganisha sehemu hizo mbili.

Tuchukue mfano wa gurudumu la kamshafti lenye meno 40. Fundi akikosea jino moja tu, kamshafti inapotea kwa digrii 9, na ukipima kwa krankshafti ni digrii 18. Gari linaweza kuwaka na kutembea. Lakini valvu zinafunguka mapema mno au zinachelewa, hewa haijai vizuri, nguvu inapungua na mafuta yanakwisha haraka. Mwenye gari anadhani injini imezeeka, kumbe imekosewa jino moja.

Mkanda ukikatika

Land Cruiser nyeupe ambazo mashirika ya misaada yanatumia, na ambazo baadaye zinauzwa kwa watu binafsi, nyingi zina injini ya mazutu ya 1HZ: silinda sita, lita 4.2. Injini hiyo inatumia mkanda kuzungusha kamshafti. Hilux za zamani zenye injini za 2L na 3L nazo zina mpango kama huo.

Kwenye injini za mazutu, nafasi kati ya valvu na pistoni ni ndogo sana. Mkanda ukikatika injini ikiwa inazunguka, kamshafti inasimama lakini pistoni zinaendelea kupanda. Zinagonga valvu zilizobaki wazi. Valvu zinapinda, na pistoni pamoja na kichwa cha injini vinaweza kuharibika. Bei ya mkanda mpya ni kidogo sana ukilinganisha na kazi hiyo.

Magari ya esanse hayafanani yote. Injini ya 4A-FE, iliyo kwenye Corolla nyingi za miaka ya 1990, kwa kawaida inazimika tu bila valvu kugongana na pistoni. Probox na Vitz zenye injini ya 1NZ-FE zina cheni badala ya mkanda. Cheni inadumu, lakini oili chafu inaila na inalegea. Ikianza kupiga kelele asubuhi injini ikiwa baridi, ni onyo.

Kwa wakaaji wa Ituri, jambo hili si la garaji tu. Kwenye barabara ya taifa nambari 27 inayoelekea Mahagi, na ile ya kwenda Komanda, magari ya abiria na ya mizigo yameshambuliwa mara nyingi katika miaka hii. Gari linalokufa mkanda haliwezi kusukumwa likawaka tena. Abiria wanabaki porini na mizigo yao, jua likizama.

Kamshafti ya mbio ni ya nani?

Si kwamba kamshafti ya mbio ni uongo. Ina nundu pana na ndefu zaidi, kwa hiyo valvu inafunguka zaidi na kubaki wazi muda mrefu. Kwenye injini ya kawaida valvu ya hewa inabaki wazi kwa digrii kama 240 za krankshafti. Kwenye injini ya mbio inaweza kupita 290. Faida yake inaonekana injini ikizunguka kwa kasi sana.

Ukanda wetu unazijua injini za namna hiyo. Katika Safari Rally ya Kenya, Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano akiendesha Datsun: 1973, halafu mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Lakini timu za namna hiyo zilikuwa na mafundi waliongoja njiani na vipuri, na injini ya mbio inafunguliwa na kukaguliwa kila mara.

Gari la Bunia lina kazi nyingine. Linabeba magunia, linapita matope, linapanda polepole. 1HZ inatoa nguvu yake kubwa ya kuvuta karibu na mizunguko 2,200 kwa dakika, na hapo ndipo dereva wetu anapoihitaji. Kamshafti ya mbio inaiondoa nguvu hiyo chini na kuipeleka juu, mahali ambapo injini ya mazutu haifiki.

Tena, Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake. Valvu ya hewa ikichelewa kufunga, mgandamizo unapungua tena, na injini ya mazutu inakataa kuwaka asubuhi. Kuna hatari pia valvu inayofunguka zaidi kuifikia pistoni.

Mwenye Corolla ya esanse anayetaka mabadiliko achague kamshafti iliyo karibu na ile ya kiwanda. Vipande vinavyosukumwa na nundu vibadilishwe pamoja nayo, kwa sababu vya zamani vilivyolika vinaweza kuila ile mpya. Na nafasi kati ya valvu na pistoni ipimwe kabla ya injini kuwashwa.

Mambo ya kudai kwa fundi

Mwenye gari hahitaji kuwa fundi ili aulize. Kwanza, alama zote zilingane: ya krankshafti, ya kamshafti, na kwenye mazutu, ya pampu pia. Pampu ikikosewa jino, injini inatoa moshi na inagonga hata kama kamshafti iko sawa.

Pili, mkanda ukishafungwa, injini izungushwe kwa mkono, kwa ufunguo, mizunguko miwili kamili ya krankshafti. Kisha alama zitazamwe tena. Ikigoma kuzunguka, fundi asilazimishe wala asipige kontakti.

Tatu, rola ya kukaza mkanda ikaguliwe, na sili zinazovuja oili zibadilishwe, kwa sababu oili inaua raba. Nne, nafasi za valvu zipimwe. Valvu zisizofunga vizuri zinaiba nguvu sawa na taimingi mbaya.

Kwa mikanda ya injini hizi, kipimo kinachojulikana ni kilomita 100,000. Land Cruiser nyingi zina taa ya T-BELT inayowaka kwenye dashibodi wakati huo ukifika. Kuizima taa si kubadilisha mkanda. Na kwa gari lililonunuliwa okazyo, hesabu ya kilomita inaweza kuwa imechezewa au imekufa. Asiyejua historia ya mkanda wake auhesabu kuwa umekwisha.

Ukibadilisha, andika tarehe na kilomita kwa rangi chini ya boneti. Anayelinunua gari baada yako ataisoma, na hatalazimika kuujua umri wa mkanda akiwa amesimama njia ya Komanda.