Neno "Mchumba" na Mikanganyiko ya Ahadi: Kutoka Riwaya za Regency hadi Tunduma

1.0 Utangulizi

Zipo riwaya nyingi za mapenzi zinazohusu Uingereza ya kipindi cha Regency, yaani miaka ya 1811 hadi 1820, wakati mwana wa Mfalme George wa Tatu alipokaimu ufalme kwa sababu ya maradhi ya baba yake. Jane Austen alichapisha riwaya zake ndani ya kipindi hicho. Georgette Heyer (1902–1974) alikirejea zaidi ya karne moja baadaye, na waandishi wengi wakamfuata. Msomaji wa Kiswahili anayezisoma hukabiliwa na swali moja: kwa nini watu wazima wasiopendana, ambao hawajafunga ndoa wala kutoa mahari, hawawezi kuachana tu?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kulinganisha uchumba wa riwaya hizo na posa kama inavyofahamika katika Mkoa wa Songwe, hususan mjini Tunduma. Hoja inayotetewa ni kwamba mkanganyiko wa uchumba hautokani na mapenzi peke yake. Chanzo chake kikubwa ni swali la nani mwenye haki ya kutamka neno linalofunga, na nani mwenye haki ya kulifungua.

2.0 Uchumba unaofungwa kwa kauli

Mfano ulio wazi ni riwaya ya Heyer iitwayo Bath Tangle (1955). Serena aliwahi kuwa mchumba wa Rotherham, akamwacha. Baba yake anapofariki, wasia unaiweka mali yake chini ya udhamini wa Rotherham huyo huyo, na ndoa yake yahitaji ridhaa yake. Serena anachumbiana na Meja Kirkby, kipenzi chake cha ujanani. Rotherham naye anamchumbia Emily, msichana mdogo anayesukumwa na mama yake. Wakati huo huo moyo wa Kirkby unahamia kwa Fanny, mama wa kambo wa Serena, ambaye kwa umri ni mdogo kuliko Serena mwenyewe. Kila mmoja anajua, au anaanza kujua, kwamba amefungwa pasipo mahali pake.

Kinachowazuia ni kanuni ya uungwana. Mwanamke aliruhusiwa kubadili nia, ingawa kwa kuzungumzwa vibaya. Mwanamume aliyevunja ahadi alijivunjia heshima. Hivyo Rotherham hawezi kusema neno la kujifungua. Hana budi kuenenda kwa namna itakayomfanya Emily alitamke yeye. Katika Sense and Sensibility (1811) ya Austen, Edward Ferrars amefungwa na ahadi ya siri aliyompa Lucy Steele. Siri inapofichuka mama yake anamnyima urithi, naye bado hasemi neno la kuvunja. Anakuwa huru pale tu Lucy anapoolewa na Robert, mdogo wake Edward.

Mwanafalsafa J. L. Austin, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1962, alieleza kuwa zipo kauli ambazo kuzitamka ni kutenda. Ahadi ni mojawapo. Katika riwaya hizi kauli ya wawili faraghani yatosha kuumba uchumba, hata pasipo shahidi wala zawadi. Sheria nayo iliitambua: aliyevunjiwa ahadi aliweza kudai fidia mahakamani, na dai la namna hiyo lilifutwa Uingereza kwa sheria ya mwaka 1970 iliyoanza kutumika 1971.

3.0 Posa kama tendo la wengi

Kiswahili kinalitazama jambo hili kwa jicho jingine. Kitenzi -posa kina mwelekeo: mwanamume huposa, mwanamke huposwa, sawa na -oa na -olewa. Watu husema kuwa vijana wawili "wanachumbiana"; ni nadra kusikia kuwa "wanaposana". Sababu ni kwamba posa huenda kutoka nyumba moja hadi nyumba nyingine, wala haizunguki baina ya wawili tu. Msamiati unaoizunguka wathibitisha hilo: mshenga, barua ya posa, kishika uchumba, mahari. Kila neno kati ya hayo linamleta mtu wa tatu au kitu kinachoonekana.

Miongoni mwa Wanyiha, Wanyamwanga na Wandali, kama ilivyo katika jamii nyingine nyingi za Tanzania, uchumba kwa desturi ni maafikiano ya koo mbili. Kwa hiyo masaibu ya Edward Ferrars hayangeweza kutokea kwa sura ile ile. Posa ya siri ni maneno yanayokanushana: aliyemtuma mshenga amekwisha kuitangaza nia yake. Kuivunja nako kuna njia inayojulikana, kwani wazee hukutana na kilichotolewa hujadiliwa. Haina maana kwamba posa haina machungu yake. Binti anaweza kufungwa na neno ambalo hakulitamka yeye, na hapo anakuwa karibu zaidi na Emily kuliko na Serena.

4.0 Tunduma: neno moja, hali mbili

Tunduma ni mji wa Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Ng'ambo ya mpaka ipo Nakonde ya Zambia. Wanyamwanga wako pande zote mbili, kwa kuwa mpaka huo una asili yake katika mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890. Barabara kuu na reli ya TAZARA huleta wafanyabiashara, madereva na vibarua kutoka mbali. Katika mji wa namna hii kijana aweza kuishi mbali na wazee ambao wangemtafutia mshenga.

Hapo ndipo neno "mchumba" linapobeba mzigo mkubwa. Katika matumizi ya leo, si Tunduma peke yake, linamtaja aliyeposa au kuposwa rasmi, na pia linamtaja mpenzi tu. Mmoja hulisikia kama ahadi, mwingine kama jina la mahaba. Uchumba wa faragha wa akina Austen umerudi, lakini bila ile kanuni ya uungwana iliyomlazimisha Edward kushika neno lake. Msemo wa mitaani usemao "mchumba hasomeshwi" umezaliwa na hofu hiyo: gharama hutolewa leo, na neno hukanwa kesho.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaruhusu kudai fidia kwa kuvunjwa ahadi ya ndoa iliyotolewa nchini, hata kama imevunjwa nje ya nchi. Ahadi iliyotolewa Tunduma haifutiki kwa kuvuka kwenda Nakonde. Hata hivyo fidia haizidi hasara iliyotokana na gharama za ahadi hiyo, na zawadi hudaiwa pale tu mahakama inaporidhika kuwa zilitolewa kwa sharti la ndoa kufungwa. Aliyekuwa na umri chini ya miaka 18 alipoahidi hashitakiwi. Yote hayo hutanguliwa na swali la kiisimu: je, palikuwa na ahadi? Mwenye barua ya posa ana jibu mkononi. Aliyeitwa "mchumba" bila shahidi hana budi kuthibitisha maana ya neno.

5.0 Hitimisho

Imeonekana kuwa riwaya za Regency huwafunga wahusika kwa neno la faragha lenye nguvu ya hadhara, ilhali posa hufunga kwa neno la hadhara tangu mwanzo. Hatari iko katikati: neno la faragha linalosikika kama la hadhara, na linalokosa mwenye kulishuhudia. Wahenga walisema ahadi ni deni. Deni lakini hudaiwa na anayeweza kuonyesha kwamba alikopesha, na Tunduma, kama kwingineko, asiyeweza kuonyesha hivyo aghalabu ni yule aliyeamini zaidi.