Mkia wa Kambare Usioonekana

Mgeni akifika Masalani huelekezwa hifadhi ya Ishaqbini akamwone swala hirola. Ni haki yake hirola kusifiwa, maana amebaki mchache tu duniani. Lakini mtoni Tana, hatua chache kutoka mjini, anaishi kambare ambaye wanasayansi wa Uholanzi wamemchunguza hadi ndani ya seli, na huku hana hata msemaji. Wafugaji wengi wa Ijara samaki si chakula chao cha asili, na Wapokomo wanaomvua humhesabu kitoweo. Simlaumu mtu, sura ya kambare haimsaidii.

Kwamba hupumua hewa na kuhimili tope la dimbwi linalokauka, hilo kila mtoto wa mtoni analijua. Maajabu yenyewe yako chini ya ubongo, kwenye tezi ya pituitari.

Maji ya mafuriko yakiingia mbugani, ubongo wa kambare hutoa homoni ya GnRH. Seli za pituitari huinasa kwa vipokezi vilivyopita kwenye utando wake, kisha humwaga homoni ya LH, na mayai hukomaa. Amri hiyo isipokomeshwa, seli itamaliza akiba yake. Hapo ndipo vinapoingia vimeng'enya vya jamii ya GRK. Kipokezi kikishikwa na homoni, kimeng'enya hupachika fosfeti kwenye mkia wa kipokezi hicho unaoning'inia ndani ya seli, kama mfugaji anavyompiga ng'ombe chapa. Protini iitwayo aresitini huifuata chapa hiyo, hujibandika, na kipokezi huvutwa ndani. Homoni bado imejaa nje, ila seli haisikii tena.

Kipokezi cha GnRH cha mamalia, sisi tukiwemo, kimepoteza mkia huo. GRK haina pa kupiga chapa. Mwaka 1998 watafiti waliunganisha mkia wa kipokezi cha kambare na kipokezi cha panya, na tabia ya kipokezi kile ikabadilika: kikaanza kuvutwa ndani upesi kuliko awali. Na si kwamba pituitari yetu haina GRK. Kipokezi cha homoni nyingine, TRH, kwenye tezi ileile, kina mkia na hupigwa chapa kama kawaida.

Hata hivyo nasi tunazibika, kwa njia ya kuzunguka: vimeng'enya vinavyosaga protini humaliza milango ya kalisi iliyo ndani ya seli. Mwaka 1978 kundi la mtafiti Ernst Knobil lilionyesha kwamba GnRH ikitolewa mara moja kwa saa huamsha pituitari ya tumbili wa rhesus, ikitolewa mfululizo huizima.

Kwenye vituo vya kuzalisha vifaranga kambare hatagi bila sindano. Fundi hupasua fuvu la samaki mwingine, hutoa kijitezi cheupe kisichozidi punje, hukisaga kwenye maji ya chumvi na kumdunga jike mgongoni. Wengine hutumia GnRH ya kiwandani iliyochanganywa na dawa ya kuzuia dopamini, kwa kuwa dopamini ndiyo inayomfunga breki. Inaniudhi kuona jike asiyetaga akiongezwa dozi palepale, kana kwamba seli iliyokwisha kuziba itasikia kwa kupigiwa kelele.

Mtoni sindano ilikuwa mafuriko yenyewe. Tangu bwawa la umeme la Masinga likamilike mwaka 1981, na la Kiambere mwaka 1988, maji mengi ya msimu huzuiwa huko juu ili umeme uende mijini. Mafuriko makubwa bado huja na kuzoa nyumba. Yale ya wastani, yanayojaza mabwawa ya kando ya mto ambamo kambare hutaga kwenye majani, yamepungua. Hirola amejengewa uzio, kambare hajatengewa hata ratiba ya kufunguliwa maji.

Matumizi ya elimu hii? Vifaranga vya kufuga, chambo cha sangara Ziwa Victoria, na kwa binadamu dawa za jamii ya GnRH zinazoiziba pituitari makusudi: saratani ya tezi dume, watoto wanaobalehe mapema mno, endometriosi. Kwa ng'ombe, sindano ya kupanga siku ya kupandisha.