Kisii hakuna kambi ya wanahewa, msitoe pesa zenu

Jirani yangu hapa Kisauni ni mama wa Kikisii, muuza ndizi. Juzi kanijia na furaha: mpwa wake wa Nyamira kaambiwa kuna kambi ya kufunza marubani wa jeshi huko Kisii, na nafasi yapatikana kwa kutoa "chai". Nikamwambia, mama, hebu tulia kwanza.

Kisii kuna kiwanja cha ndege cha Suneka, nacho ni cha raia. Asili ya mafunzo ya wanahewa wetu ni Eastleigh, Nairobi. Enzi za mkoloni hapo palikuwa kituo cha jeshi la anga la Uingereza, na abiria wa kawaida pia walipandia ndege hapo hadi uwanja wa Embakasi ulipofunguliwa mwaka 1958.

Jeshi la Wanahewa la Kenya liliundwa tarehe 1 Juni 1964. Marubani wa mwanzo walijifunza kwa ndege ndogo za Chipmunk. Baadaye zikaja Bulldog, kisha Tucano. Mwanafunzi huanza na ndege nyepesi, akiimudu ndipo asogezwe mbele. Ndege za kivita za F-5 makao yake ni kambi ya Laikipia, Nanyuki.

Wakubwa wetu wanaikumbuka Agosti 1, 1982, askari wa jeshi hilo walipojaribu kupindua serikali. Jeshi likavunjwa, likawekwa chini ya usimamizi wa jeshi la nchi kavu, na halikurudishiwa hadhi yake hadi 1994. Ndiyo maana uchujaji wa wanaoingia si jambo la mzaha.

Basi njia ni hii. Tangazo hutolewa na Wizara ya Ulinzi, na usajili ni bure. Makurutu hupelekwa Eldoret. Wanaosomea uafisa, wakiwemo marubani watarajiwa, hupitia chuo cha Lanet, Nakuru. Kumewahi kutokea vijana kufika Eldoret na barua bandia walizouziwa, wakaishia mikononi mwa polisi. Haya si ya Kisii peke yake. Hapa Pwani pia tumeyaona.

Jirani yangu alipiga simu papo hapo. Kijana alikuwa ashatuma elfu kumi, na jioni hiyo alikuwa atume nyengine ishirini. Hizo ishirini zimeokoka.