Mla mwani na anayemla yeye

Mtumbwi wa mbao ukikaa majini Kabuta, kando ya Ziwa Mweru, wiki kadhaa bila kutumika, ubavu wake huvaa utelezi wa kijani. Huo ni mwani mdogo mdogo, na anayeukwangua ni konokono. Baharini kazi hiyo ina fundi mwingine: nungu wa baharini, mnyama wa duara aliyejaa miiba, ambaye wafugaji wa samaki wa maji chumvi humtia kwenye tangi la kioo ili awasafishie mawe na kuta.

Kinywa chake kiko upande wa chini na kina meno 5 yanayokutana katikati. Meno hayo huota maisha yote na hujinoa yenyewe kila yanapomegeka, ndiyo maana nungu anakwangua jiwe bila kuishiwa makali. Mwani wenyewe hustawi kwa mwanga na kwa naitreti inayotokana na kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki, kwa hiyo mwenye kuwalisha samaki wake kupita kiasi atamchosha nungu bure. Tangi la lita 200 linatosheka na mmoja. Ukiweka watano, mwani utakwisha, kisha njaa itawaingia na miiba itaanza kupukutika, isipokuwa uwape mwani mkavu. Dawa za samaki zenye shaba humuua.

Kwetu Mweru, penye maji baridi, nungu hawezi kuishi hata siku chache. Hana kiungo cha kuratibu chumvi mwilini. Umajimaji wake wa ndani unakaribia kuwa sawa na bahari, yenye gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Ukoo wake wote uko hivyo. Hakuna ziwa la maji baridi duniani lenye nungu, kiti cha pweza wala jongoo bahari.

Hata hivyo, kisa chake kinatuhusu. Katika pwani ya Kenya, tangu miaka ya 1980, mtafiti Tim McClanahan na wenzake wamelinganisha miamba ya matumbawe inayovuliwa na ile ya hifadhi kama Malindi na Watamu, zilizoanzishwa 1968. Panapovuliwa sana, nungu wamejaa. Sababu ni kikande, samaki mwenye meno magumu anayewapindua na kuwavunja. Kikande akiisha, nungu huzaana, humaliza mwani, kisha hutafuna mwamba wenyewe. Kinyume chake kilitokea Karibi mwaka 1983 na 1984: ugonjwa uliua zaidi ya asilimia 90 ya nungu weusi wa miiba mirefu, na mwani ukafunika matumbawe. Kinachotakiwa, basi, ni mla mwani awepo, na anayemla yeye awepo pia. Ndani ya tangi, kazi ya kikande anaifanya mwenye tangi, kwa kuhesabu idadi.

Ziwani, konokono ndiye aliyeshika nafasi ya nungu, na hapo ndipo afya inapoingia. Baadhi ya konokono wa maji baridi hubeba kichocho. Wa jamii ya Bulinus hupitisha kile cha njia ya mkojo, wa Biomphalaria kile cha matumbo. Mkojo au choo cha mgonjwa kikifika majini, vimelea humwingia konokono, huzaana ndani yake, kisha hutoka wakiwa lava wasioonekana kwa macho na kupenya ngozi ya mtoto anayeoga au mama anayefua.

Ziwa Malawi limeshaonyesha mambo yanavyokwenda. Huko Cape Maclear, samaki wala konokono walipopungua kwa uvuvi wa kupita kiasi, konokono waliongezeka, na watafiti wamehusisha hali hiyo na kupanda kwa kichocho. Mweru na Mto Luapula tunaye mla konokono wa kwetu, Sargochromis mellandi, wa ukoo wa perege, mwenye meno mapana kooni ya kupondea magamba. Miaka ya mwanzo ya 1950, kule Katanga ng'ambo ya ziwa, aliwekwa kwenye mabwawa ya samaki ili apunguze konokono.

Kwa hiyo nawasihi vijana wanaofuga samaki nyumbani: msiokote konokono ufukweni muwatie kwenye beseni au tangi ili wale mwani. Mkono utakaoingia humo kusafisha unaweza kupata kichocho jikoni. Maji ya ziwa yaliyochujwa konokono wote na kukaa siku 2 hayana tena lava hai, ingawa kwa kunywa bado yachemshwe. Na mtoto akikojoa damu, apelekwe kituo cha afya. Dawa ni prazikwanteli.

Kipindi cha kufunga uvuvi, kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, huzungumzwa kama suala la kitoweo tu. Mimi nakiona pia kuwa suala la mkojo wa watoto. Mla konokono hukaa kwenye kina kifupi, palepale watoto wanapooga, na palepale kokoro linapoburutwa.