Taya Kuuma Wakati wa Kupanga Meno

Mwaka 1987, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, mahakama iliagiza mgonjwa mmoja kijana alipwe dola 850,000. Madai yake yalikuwa kwamba matibabu ya kupanga meno ndiyo yaliyomwachia ugonjwa wa taya. Wataalamu wa fani hiyo walishtuka. Chama chao kikatoa fedha za utafiti, na Januari 1992 jarida lao likatenga toleo zima kwa suala hilo. Kwa ujumla ilionekana kwamba kupanga meno hakusababishi ugonjwa wa kiungo cha taya, wala hakuuponyi. Nusu hiyo ya pili haitajwi sana kwenye matangazo ya kliniki.

Wakati huo waya ndio uliotawala. Kampuni ya Align Technology ilianzishwa California mwaka 1997, ikaja na alaina, yaani vifuniko vya plastiki angavu vinavyovaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku na kubadilishwa kila wiki moja au mbili. Lawama nazo zikahamia kwenye plastiki, na humo huchanganywa maumivu ya aina mbili ambayo hayana undugu.

Ya kwanza ni ya jino lenyewe. Kila kifuniko kimetengenezwa kisukume jino kama robo milimita hivi. Ni kidogo, lakini utando wa nyuzi unaolishika jino kwenye mfupa una unene unaokaribia kipimo hicho hicho. Unapobanwa, damu hupita kwa shida, mwili humwaga kemikali za uvimbe, na seli huanza kula mfupa upande mmoja huku nyingine zikijenga upande wa pili. Maumivu huanza baada ya saa chache, hufika kileleni baada ya siku moja hivi, kisha hufifia ndani ya wiki. Aliyeacha riteina, yaani kifaa cha kuzuia meno yasirudi baada ya matibabu, kabatini mwezi mzima kisha akailazimisha kuingia hupata maumivu hayo hayo, kwa sababu meno yalikwisha kurudi nyuma.

Ya pili ni ya misuli. Taya likipumzika, meno ya juu na ya chini hayagusani. Huachana milimita mbili hadi nne. Ukiweka kitu kigeni katikati, baadhi ya watu huanza kukiuma bila kujua: kwenye foleni ya magari, mbele ya kompyuta, wakati wa kubishana kwa simu. Msuli wa shavu haukuumbwa kufanya kazi mfululizo namna hiyo. Tafiti kwa wavaaji wa alaina zimeonyesha misuli ikiuma kidogo mwanzoni, kisha ikizoea. Anayeteseka kwa miezi mara nyingi alikuwa mkazaji au msaga meno tangu zamani, na plastiki imemuumbua tu.

Kutenganisha maumivu ya aina hizi mbili hakuhitaji mashine. Jino likigongwa kwa kidole likauma, shida iko kwenye jino. Ukibonyeza kona ya taya chini ya sikio, au panja, ukapata maumivu yale yale unayoyalalamikia, msuli ndio unaosema. Yakiwa makali unapoamka, huenda unasaga meno usingizini. Yakizidi jioni, chunguza unavyokaza mchana.

Kwa misuli, tiba ya mwanzo ni nyepesi: kitambaa cha moto shavuni, chakula laini, kuacha bazoka kwa muda, na kujikumbusha kufunga midomo huku meno yakiwa yameachana. Mwaka 1996 jopo lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilipendekeza kuanza na tiba zinazoweza kurudishwa nyuma. Kwa hiyo daktari anayetaka kukwangua meno au kupasua kiungo mara ya kwanza tu anapomwona mgonjwa anastahili kuulizwa maswali, tena kwa sauti.

Hata hivyo plastiki nayo ina makosa yake. Tabaka mbili za alaina, ya juu na ya chini, zikikandamizwa siku nzima huweza kusukuma magego ndani kidogo, hata mwishoni mwa matibabu meno ya mbele yakutane na ya nyuma yabaki na upenyo. Daktari huweza kukata sehemu ya nyuma ya kifuniko ili magego yakutane tena yenyewe. Lakini mdomo ukishindwa kupitisha vidole viwili vilivyobebana, taya likikwama, au shavu likivimba kwa homa, usisubiri kifuniko kinachofuata. Nenda ukaonwe mara moja.