Vile Utaunda Datsun 240Z ya Safari Rally Kwenye Meza ya Kejani Bila Kuiharibu

Ukishika modeli ya gari iliyoundwa fiti, kitu ya kwanza utafanya bila kufikiria ni kuchungulia dirishani uone kama kuna msee ndani. Hiyo ndiyo alama. Kama hujachungulia, fundi alikosea mahali. Na kama uliwahi kujaribu kuunda moja ikatoka kama kipande cha sabuni kilichopakwa rangi, tulia. Wengi wetu tulianzia hapo.

Leo nakuchanua na gari moja tu, Datsun 240Z iliyoshinda East African Safari ya 1971. Wakati huo rally ilikuwa ya Pasaka, na ilikuwa inapita Kenya, Uganda na Tanzania. Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa anaishi hapa Kenya, alishinda akiwa na Hans Schüller. Nyuma yao, nambari mbili, alikuwa Shekhar Mehta, naye pia kwa 240Z. Mehta alikuja kushinda Safari mara tano, ya kwanza ikiwa 1973 na 240Z hiyo hiyo. Kwa hivyo si gari ya kusoma kwa vitabu vya Wajapani tu. Hii moti ilikula vumbi yetu.

Lakini mimi sikuichagua juu ya historia. Niliichagua juu ya guka. Pasaka ya 1971 alikuwa kijana wa shule, na yeye na mbogi yake walisimama kando ya barabara ya murram kutoka asubuhi wakingoja magari. Hiyo stori amenipigia tangu niko mdogo. Siku hizi macho yake yanafifia, na daktari alisema hayatarudi nyuma. Nikaona kama nitampea hiyo gari mkononi, ni sasa. Shida ni moja: huwezi danganya mtu aliyekuwa hapo.

Hasegawa ya Japan imetoa hii gari kwa skeli ya 1/24, yaani kila kitu kimegawanywa mara 24. Gari halisi ina urefu wa karibu mita 4.1, kwa hivyo yako itakuwa kama sentimita 17, saizi ya simu kubwa. Ukiagiza nje, hesabu pia usafiri na ushuru kabla hujabonyeza kitufe cha kulipa, usije ukalia.

Sasa hiyo hesabu ya 24 ndiyo kila kitu, na ndiyo watu wengi hawaambiwi. Watu wanadhani kuweka maelezo kwa modeli ni kuongeza vitu. Hapana. Kazi kubwa ni kupunguza. Chukulia rangi. Ukimwaga rangi ikafika unene wa milimita 0.1, ambao ni kawaida kabisa kwa gari halisi, kwa hiyo modeli ni sawa na kupaka gari halisi rangi nene ya milimita 2.4. Milango inapoteza mstari wake, nembo zinazama, na kona zote zinakuwa za mviringo. Ndio maana modeli ya mtu anayeanza inakaa kama imeyeyuka. Vipande vilikuwa sawa, ni rangi iliyovificha.

Kwa hivyo kabla ya rangi, fanya mambo matatu. Moja, kata vipande kutoka kwa fremu yake na kikata kucha kizuri, usivunje na vidole, halafu lainisha na msasa. Mbili, tafuta ile mistari myembamba ya moldi inayopita juu ya bodi na kwa madigadi. Iko hapo hata kama huioni. Ikwaruze pole pole na mgongo wa wembe, la sivyo itatokea vizuri sana baada ya rangi, wakati huwezi fanya kitu. Tatu, pitisha sindano kwa mistari ya milango na boneti mara kadhaa iwe na kina zaidi, ndio rangi isije ikaijaza. Ukimaliza osha kila kitu na sabuni ya vyombo. Plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya moldi, na rangi haishiki mafuta.

Halafu praima. Hii gari ni nyekundu na boneti nyeusi isiyong'aa, ile nyeusi ambayo madereva wa rally walikuwa wanapaka ndio jua lisiwarukie machoni. Nyekundu ni rangi ya kiburi. Ukiipuliza juu ya praima ya kijivu inatoka kama damu ya jana. Tumia praima nyeupe ama ya pinki na itawaka yenyewe.

Kopo la rangi liweke kwanza kwa maji ya uvuguvugu dakika chache, rangi itoke laini. Nimesema maji ya uvuguvugu, si jiko, tafadhali, hiyo ni bomu. Anza kupuliza nje ya bodi, pita juu yake, malizia nje upande wa pili. Raundi ya kwanza iwe ukungu tu, hadi uone kama hujafanya kitu. Ngoja. Rudia. Raundi nne nyembamba zinashinda moja nene kila siku. Na ukiona mvua inanyesha, wacha. Laka ikishika unyevu wa hewa inageuka kama maziwa, na huko Aprili Nairobi nilipoteza bodi moja hivyo. Ilibidi nitoe rangi yote nianze tena. Pia toka nje na uvae maski, hiyo harufu si ya kuchezewa. Mimi nilipulizia kwa korido ya ploti, na jirani aliyekuwa anapika chapo bado hanisalimii vizuri.

Vitu vya kromu viko na shida ile ile ya unene. Kromu ya kiwandani hukaa kama sufuria mpya. Iloweshe kwa Jik, inatoka yote, halafu upake fedha yako mwenyewe iliyotulia. Ile mistari myembamba ya fedha kando ya madirisha usijaribu na brashi. Kuna karatasi maalum za chuma zenye gundi, zinaitwa Bare-Metal Foil. Unalaza, unasugua na kijiti cha meno, unakata ziada na wembe mpya. Wembe mpya, narudia. Wa jana utararua.

Kwa madirisha usiguse supagluu. Moshi wake unaacha ukungu mweupe kwa plastiki ya kioo na hautoki. Tumia gundi nyeupe ya watoto wa shule, inakauka ikiwa wazi.

Ndani ya hii modeli hakuna injini, boneti haifunguki, kwa hivyo umeokoka. Wale wenye doh huchukua ile kubwa ya Tamiya ya 1/12, ambayo iko na injini ya silinda sita, na hapo unaweza pitisha nyaya za plagi moja moja. Kumbuka tu hesabu. Waya halisi wa plagi una unene wa kama milimita 7, kwa hivyo kwa 1/12 unatafuta wa milimita 0.6 hivi. Waya mwembamba wa ndani ya earphone zilizokufa hufanya hiyo kazi poa. Kwa yetu ya 1/24, malizia ndani na mikanda ya viti uliyokata kutoka kwa tepu ya karatasi ukaipaka rangi. Ukichungulia dirishani, macho yanaenda kwa hiyo mikanda kwanza.

Stika ndizo zitakutoa jasho. Nambari ya Herrmann ilikuwa 11, na inakaa mlangoni mahali kila mtu anaona. Weka stika juu ya rangi inayong'aa tu. Ukiweka juu ya rangi yenye mikwaruzo, hewa inabaki chini na stika inaonekana ya fedha pembeni. Kata, lowesha kwa maji ya uvuguvugu, ngoja iteleze yenyewe kwa karatasi, isukume na brashi yenye maji. Mahali inapopita juu ya mstari wa mlango, gusa na dawa ya kulainisha stika, ama siki nyeupe kama huna, halafu uiachie ijilaze. Mimi zile 11 zilinimalizia usiku mbili. Baadaye pitisha rangi ya enameli ya kahawia iliyozimuliwa na thina kwa mistari ya milango, na ufute ziada na pamba ya masikio. Kahawia, si nyeusi. Nyeusi juu ya nyekundu inafanya gari ikae kama katuni.

Hapo ndio nilimpelekea guka. Ilikuwa inang'aa, manze. Akaishika, akaisogeza karibu na dirisha, akaigeuza kama dakika tano nzima bila kuongea. Halafu akasema, "Hii ni ya duka. Hatukuiona hivi."

Nikamuuliza waliionaje. Akaniambia hawakuiona, waliisikia. Ilipofika, nyekundu ilikuwa juu tu karibu na paa. Chini yote ilikuwa barabara.

Kwa hivyo nikarudi nayo, na hapa ndipo utajua kama una roho. Kuchafua kitu ulichosafisha miezi mitatu ni ngumu kuliko kukiunda. Lakini uchafu nao uko na skeli yake. Ukichukua mchanga tu nje ya gate, punje ya nusu milimita kwa hiyo gari ni kokoto ya milimita 12. Huo si udongo tena, ni ballast. Chukua murram, ikaushe kwa sufuria kuukuu juu ya moto, isage, halafu uichuje na stokingi hadi upate poda inayopepea ukipumua. Chaki ya rangi iliyosagwa pia inafanya.

Halafu fikiria vile gari inatembea. Vumbi halikai kila mahali sawa. Matope yanaruka kutoka kwa tairi, kwa hivyo yanaanzia nyuma ya tairi ya mbele na kupanda mlangoni. Nyuma ya gari ndiyo huwa mbaya zaidi, juu hewa inajizungusha hapo na kunyonya vumbi irudi. Kwa windskrini, kata tepu umbo la njia ya waipa, ibandike, paka vumbi, ibandue. Hicho kipande safi kinachobaki kitafanya watu wadhani kuna mtu alikuwa anaendesha. Shikisha poda na klia isiyong'aa ukiipuliza kwa mbali. Ikikauka vumbi litafifia kidogo, kwa hivyo ongeza tena. Kwa matope mazito, changanya poda na gundi nyeupe na maji, chovya brashi ngumu, irushe kwa kuisugua na kijiti. Jaribu kwanza kwa kifuniko cha kopo. Usijaribu kwa gari.

Nilifika kwa ule mlango wa 11 nikakaa kama saa nzima na brashi mkononi. Usiku mbili, wasee. Mwishowe nikarusha. Nambari moja ilibaki wazi, ya pili ilizama nusu.

Guka hakuangalia sana mara ya pili. Alipitisha kidole gumba mlangoni, mahali matope yalikuwa mazito, akahisi vile yamekwaruza. Akauliza kama itatoka ikipanguswa. Nikamwambia hapana, imeshikishwa.

Saa hii iko juu ya kabati lake ndani ya boksi la plastiki wazi, mbali na jua juu nyekundu hupauka. Shosh alijaribu kuipangusa wiki iliyopita, wakakosana.